Hukuikataa Kazi Ile

Mwanangu Mwanahawa,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula magimbi sahani mbili, ukachukua mwavuli wangu bila kuomba, ukashuka Mkuyuni kwa shangazi yako kuaga. Mvua imeshika huku juu na baba yako amesinzia kibarazani na redio yake. Nimepata mchana wangu peke yangu, basi nimechukua lile daftari lenye kurasa zilizobaki, nakuandikia.

Kesho unapanda gari la asubuhi kwenda Morogoro mjini kuanza kazi kwa Mama Upendo, kule Kihonda anakopikia wanafunzi wa chuo. Utalala chumba kimoja na Neema, mpishi mwenzako. Sitakuandikia habari za kufua, za kuvuka barabara, wala za dawa yako ya kifua. Hayo tumeyasema mpaka juzi ukaniambia, "Mama, nimesikia. Hata majirani wamesikia." Haya, nimenyamaza.

Watu wote wanaokuandikia huandika maneno matatu, tena kwa herufi kubwa kama za kibao cha duka. Mimi nakuandikia ndefu. Dada na kaka zako walipoondoka niliwaandikia ndefu, na wewe si mdogo mbele yao. Soma ukurasa mmoja kwa siku, kwa kidole chako, kama ulivyozoea. Neno likikushinda, muulize Neema. Hata likiwa neno la aibu yangu, muulize tu.

Aibu yenyewe naiweka hapa mbele, usije ukachoka njiani ukaacha kusoma kabla hujaifikia. Mwaka jana Mama Upendo alikutaka kwa kazi hii hii. Hukuikataa. Hukuulizwa. Alinipigia simu mimi, nikamwambia Mwanahawa hataki kuondoka nyumbani. Nilidanganya. Sitaki ukae mjini ukidhani ni wewe uliyekataa, halafu ukasahau kwamba ulikataa. Kaa na hilo kidogo, kisha uendelee, maana nataka ujue limetokea wapi.

Ulipozaliwa, daktari aliniambia utachelewa kukaa, kutembea, kusema na kuelewa. Alisema utachelewa, hakusema hutafika. Mimi nilipanda mlima nawe mgongoni nikiwa nimeshakata shauri kwamba hutafika, na kwamba kazi yangu ni kusimama kati yako na watu. Mgeni akikuuliza jina, najibu mimi. Unataka chai? Hataki, ameshakunywa. Unaumwa wapi? Tumbo. Nilikujibia mpaka watu wakaacha kukuuliza. Wakawa wananiuliza mimi, nawe umekaa hapo hapo: "Anakula vizuri?" "Anasikia?" Ulikuwa na miaka tisa, unasikia kila kitu, hata yale tuliyokuwa tunanong'ona.

Shule nilikunyima. Ulipofika miaka kumi na moja akaja mwalimu mmoja mgeni, mama wa Kinyaturu mwenye kichwa kigumu kuliko changu. Alipanda huku mara tatu kukufuata. Mara ya tatu nikamwambia, "Mchukue, utamrudisha mwenyewe." Hakukurudisha. Neno la kwanza ulilosoma bila msaada lilikuwa SARUJI, kwenye mfuko wa baba yako, ukazunguka nalo nyumba nzima siku mbili. Nilipaswa kujifunza siku ile. Sikujifunza.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa la ngoma. Wewe mila yetu unaijua, lakini Neema ni mtu wa Iringa, huenda akakuuliza. Kwetu Waluguru binti akivunja ungo huwekwa ndani, hufundwa, kisha hutolewa kwa ngoma, na tangu siku hiyo huhesabiwa mtu mzima. Na mama mzazi hamfundi mwanawe. Humkabidhi kwa kungwi, yeye akakaa nje kama wageni wengine. Wanaosema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, hao hawakukulia huku kwetu.

Wenzako kina Saida walipowekwa ndani, nawe umri wako ulikuwa umefika. Bi Tausi, kungwi wetu, alinitazama akingoja nikulete. Nikasema, huyu mwacheni, hataelewa, mtamchosha bure. Nilijiona nakuhurumia. Watu wakanisifu, wakasema Zuhura ana huruma na mwanawe. Kumbe nilikuwa nimekufungia utotoni, na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga yangu.

Maana asiyechezwa ngoma hubaki mtoto, hata aote mvi. Msiba ukitokea, wanawake wakiingia ndani na mlango ukirudishwa, wewe ulitolewa pamoja na watoto. Mwaka aliofariki bibi yako ulikuwa na miaka ishirini na mitatu. Bibi ndiye aliyekubeba, ndiye aliyekufundisha kupepeta. Ulipotaka kuingia wakati anaoshwa, mwanamke mmoja alikushika mkono akasema, "Watoto nje." Nilikuwepo. Niliingia, mlango ukarudishwa. Ulikaa ukutani chini ya bati na watoto wa darasa la pili, umejifunika kanga ya bibi, mpaka jeneza likatoka.

Jioni ile uliniuliza, "Mama, mimi nitakuwa mtu mzima lini?"

Miaka yote nilikuwa nawajibu watu kwa niaba yako, na wewe uliponiuliza swali lako mwenyewe, nikakutuma kuchota maji. Nililia, mwanangu, na sikulilia bibi peke yake.

Arobaini ilipopita nikaenda kwa Bi Tausi. Nilimkuta anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi. Nimechelewa."

"Marahaba. Umechelewa miaka kumi," akasema, wala hakuinua macho. "Mwali haombwi, huletwa na mama yake. Ulitaka nije nikuibie?"

Mjomba wako Shomari, ambaye kwa mila ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada zake, akaja juu. Aliitisha kikao hapa nyumbani, akasema mbele ya wanawake wote, "Dada, unataka ukoo uchekwe? Zezeta atachezwa ngoma, afundwe nini?" Mdomo wangu unaujua, ulishaanza kufunguka. Bi Tausi akaniwahi.

"Shomari," akasema, "mkeo nilimfunda mwenyewe, wiki nzima, na mpaka leo chai anakupikia ya moshi. Nani alikwambia kila mwali huelewa yote?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mkewe ndiye aliyecheka zaidi. Mjomba naye akacheka bila kupenda, kisha akainuka akavaa kofia yake. "Fanyeni mtakavyo," akasema. "Ila siku ya kumtoa msiniite kumbeba begani."

Walichokufundisha huko ndani sikijui, na usiniambie. Najua tu kwamba wenzako walikaa wiki moja, wewe ukakaa tatu, kwa sababu Bi Tausi alisema hana safari. Jambo alilisema leo, akalirudia kesho, akakuonyesha kwa mikono, akakungoja. Hakuwa na dawa nyingine, ni hiyo tu. Mimi nilikaa nje, na kukaa nje kulinishinda. Niligonga mlango mara tatu, eti nimeleta uji. Mara ya tatu wakanifukuza, wakabaki na uji.

Siku ya kutolewa ulipakwa mafuta ukang'aa, shanga shingoni, kanga mpya. Mwali wetu hutolewa akiwa begani mwa mtu, na kijana tuliyempanga alikuwa hajafika. Watu wananong'ona, ngoma zinalia, mimi jasho linanitoka. Mara namwona mjomba Shomari anavua kofia, anampa mkewe, anachuchumaa mbele yako. "Panda," akasema. Hukuwa mwepesi, tuseme ukweli. Alilalamikia shingo wiki nzima, na kila aliyemuuliza shingo imepatwa na nini alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni, "Nilimbeba mpwa wangu."

Nami nilijivuna siku ile. Nimezaa watoto wanne, wawili wana vyeti ukutani, lakini kujivuna kama kule sikuwahi.

Na tazama kilichofuata. Msiba uliotokea mwezi ule, mlango uliporudishwa wewe ulikuwa ndani. Hakuna aliyekutoa. Ukapewa kazi kama mtu mzima yeyote, na kazi yenyewe ikawa kukaa na masufuria. Wenzako hupika huku wanasengenya, wali ukaungua upande mmoja na upande wa pili ukawa mbichi. Wewe ukikaa mbele ya sufuria umekaa. Maji unayapima kwa kidole, moto unaupunguza kuni moja moja, na ukimkuta mtu anafunua kifuniko unamfukuza, awe nani. Ulimfukuza mke wa imamu. Nilikwenda kuomba radhi, akaniambia, "Usimgombeze, kwake yeye ndiko tunakokula wali unaoeleweka." Wakaanza kukuita Mkuyuni, wakakuita Matombo, kila penye shughuli anatafutwa Mwanahawa. Watu wale wale waliokuwa wananiuliza mimi kama unasikia, sasa walikuja kukuuliza wewe kama mchele unatosha.

Habari zikatembea. Mama mmoja alitoka Mlali na mwanawe, akaja kuniuliza nilifanyaje. Nikaanza kujiona mwalimu. Mwenyekiti wa kijiji akaniita nizungumze mkutanoni juu ya watu wenye ulemavu wa akili, nikasimama na kanga yangu ya sikukuu, nikasema, "Waulizwe wenyewe. Wana midomo. Msituulize sisi mama zao." Wakapiga makofi. Wewe ulikuwa mstari wa mbele, ukapiga makofi kuliko wote.

Ile ilikuwa Jumapili. Alhamisi simu ikalia.

Mama Upendo alikuwa amekula wali wako kwenye harusi huku kwetu. "Yule binti anayefukuza watu sufuriani," akasema, "nataka aje kwangu. Kazi ya kweli, malipo sawa na wenzake. Naomba umuulize."

Umuulize. Ulikuwa hatua kumi kutoka niliposimama, unapepeta mpunga, unaimba. Nikakutazama. Nikasema, "Nimeshamuuliza. Hataki."

Siku nne, Mwanahawa. Makofi yalikuwa bado hayajapoa.

Nilijiambia mjini kuna bodaboda, kuna wahuni, kuna watakaokucheka. Yote kweli. Lakini chini ya hayo kuna ukweli mwingine, nao ni kwamba nyumba hii bila wewe naiogopa. Ndugu zako wamekwenda zao. Baba yako maneno yake ya siku nzima hayajazi kikombe. Wewe ndiye ninayeongea naye tukichambua mboga, wewe ndiye unayejua nimeudhika kabla sijajijua. Na jingine, hili la aibu zaidi: nilishazoea kuitwa mama yake Mwanahawa, yule aliyempigania mwanawe. Ukienda kujitegemea, nitampigania nani? Nilikuwa nimekutoa kwenye chumba kimoja, nikakufungia kingine.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwaka huu Mama Upendo hakupiga simu. Alikuja mwenyewe gulioni Mkuyuni, siku niliyokwenda zahanati kwa ajili ya goti, akakukuta peke yako na mananasi. Ulirudi ukasimama mlangoni, beseni kichwani, ukasema, "Mama, Mama Upendo kaniuliza kama nataka kazi. Nimesema nataka. Naenda mwezi ujao." Hukuniomba ruhusa. Ulinipa taarifa.

Kisha ukasema, polepole, "Kaniuliza kwa nini mwaka jana nilikataa. Nimemwambia nimesahau. Mimi husahau."

Nilikuwa nakoroga mboga. Pale ndipo nilipotakiwa kuweka mwiko chini na kusema. Nilisema, "Tua hilo beseni, utaumia shingo."

Wiki nne nimekutazama ukitafuta kichwani mwako kitu ambacho hakimo. Juzi ulikuwa unakunja nguo za safari, ukasimama, ukajigonga paji la uso, ukasema, "Nilikataa vipi, mimi?" Nikatoka nje nikajifanya nafukuza kuku. Maisha yako yote watu wamekwambia unasahau. Mara nyingine ni kweli, ulimsahau mbuzi kwenye kamba siku ya mvua tukamtafuta hadi magharibi. Lakini hili hukulisahau. Nilikuacha ulaumu kichwa chako kwa uongo wangu, na katika yote niliyokukosea, hili ndilo baya kuliko yote. La ngoma nililifanya kwa ujinga. Hili nililifanya nikiwa najua.

Kichwa chako kizima. Mtu hawezi kukumbuka swali ambalo hakuulizwa.

Jana nilimpigia Mama Upendo nikamwambia ukweli. Akasema, "Nimekusikia, mama. Ila si mimi uliyenikosea." Ndiyo nikatafuta daftari.

Utauliza kwa nini sikukwambia mdomoni, wakati mdomo ninao. Ni kwa sababu nakujua. Ningeanza tu kusema, ungenikumbatia, ungesema si kitu mama, ungenifuta machozi kwa kanga yako, na mimi ningelala usingizi mzuri. Wewe husamehe kabla mtu hajamaliza kuomba. Msamaha wa namna hiyo sijaustahili. Nataka usome haya ukiwa kwako, mbali na mboga zangu na machozi yangu, ukasirike kwanza. Una haki ya kunikasirikia kama mtu mzima anavyomkasirikia mtu mzima mwenzake. Barua nitaiweka kwenye begi, chini ya kanga, utaikuta ukifungua.

Huko mjini atakayekuita zezeta utamjua mara moja, na najua utakavyomjibu, nilikusikia ukimjibu yule dereva wa lori la ndizi, sikujua kama maneno yale unayajua. Huyo hanitishi. Wanaonitia wasiwasi ni wale wazuri. Wale watakaokwambia, "Ngoja, dada, nikusemee." Wanakupenda kweli, wanakuharakishia mambo, na siku moja unageuka unakuta wameshakuamulia. Nawafahamu vizuri, maana nimekuwa mkubwa wao. Mtu akikusemea, mwambie angoje. Ukichukua muda kutafuta neno, chukua. Bi Tausi alikungoja wiki tatu, na mji nao unaweza kungoja dakika moja.

Ukipata siku ya mapumziko, ukitaka kuja nyumbani, njoo. Ukitaka nije mimi, sema nije. Ukitaka nisije kwanza, sema hivyo hivyo, nami nitakaa huku na goti langu. Nimemwomba Mama Upendo asinipigie kunipa habari zako. Simu unayo, namba zangu unazijua kwa kichwa, tena kichwa hicho hicho. Nitangoja sauti yako, iwe ya hasira, iwe ya nini.

Najivunia wewe, Mwanahawa. Najivunia kwamba uliulizwa swali gulioni, mimi sipo, ukajibu. Neno lako moja lilitosha. Halikuwa na haja ya msaada wangu, na lilikuwa kweli kuliko yote niliyokusemea miaka ishirini na sita.

Mtu akikuuliza jambo na kweli hulikumbuki, sema hulikumbuki. Si aibu, kila mtu husahau. Lakini ukiwa na hakika kwamba hukusahau, usikubali mtu yeyote akwambie umesahau. Hata akikwambia kwa upole. Hata akiwa mama yako.

Ni mimi,
Zuhura, mama yako